Kati ya "Nakubali Kabisa" na Shamba la Mizabibu

Somo la kutafakari: Mt 21:28-32



Vijana wenzangu, leo nataka tuzungumzie karatasi. Ndiyo, karatasi. Yale madodoso ambayo wengi wenu mmeshawahi kujaza shuleni, kliniki au kwenye kongamano la vijana. Unasomewa sentensi moja, kwa mfano: "Kijana anapaswa kusubiri hadi afunge ndoa." Mbele yake kuna visanduku vitano: nakubali kabisa, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Unatia vema kimoja, unarudisha karatasi, unapewa soda, unaenda zako.

Mtindo huo una umri mkubwa kuliko babu zetu wengi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Rensis Likert, aliueleza mwaka 1932, na hadi leo ukitaka kupima msimamo wa watu juu ya jambo lolote, unaanzia hapo. Kwa hiyo watafiti wanapotaka kujua vijana wa miaka 13 hadi 19 wanaonaje suala la kujizuia na ngono kabla ya ndoa, wanachukua sentensi kama kumi au ishirini, wanaweka visanduku, wanajumlisha alama. Mwenye alama nyingi anahesabiwa kuwa na msimamo imara. Mwenye chache, msimamo wake dhaifu.

Kazi hiyo naijua kwa mikono yangu. Nimewahi kuwa mdadisi, nikitembea nyumba kwa nyumba na kishikwambi begani. Na mwezi huu kamati ya vijana ya parokia yetu imeniomba niandae dodoso la namna hiyo kabla ya mafungo. Wanataka kujua vijana wetu wamesimama wapi katika usafi wa moyo na mwili. Nimekubali. Ila kabla sijaandika hata swali moja, nimekaa na Injili ya wana wawili, na ndiyo ninayotaka tuisome pamoja.

Baba aliyeuliza swali moja kwa watoto wawili

Mnaikumbuka. Baba ana wana wawili. Anamwendea wa kwanza, anamwambia aende kufanya kazi katika shamba la mizabibu. Kijana anakataa, tena kavukavu. Baadaye anajirudi, anaenda. Baba anamwendea wa pili na maneno yaleyale. Huyu anaitikia kwa heshima zote, lakini shambani hakutia mguu. Yesu anauliza: ni yupi aliyetimiza mapenzi ya baba?

Hebu fikiria mdadisi angepita kwenye boma lile asubuhi ile. Mwana wa kwanza: "sikubali kabisa." Mwana wa pili: "nakubali kabisa." Mdadisi anaandika, anaaga, anapanda bodaboda. Ripoti yake ingekuwa safi kabisa, haina kosa la hesabu hata moja, na ingewakosea vijana wote wawili. Kwa sababu ukweli wa siku ile haukujulikana asubuhi mlangoni. Ulijulikana jioni, shambani.

Yesu hasemi kwamba maneno ya mdomo hayana maana. Alikuwa akizungumza na makuhani wakuu na wazee, watu waliokuwa wameshasema "ndiyo" kwa Mungu miaka mingi, hadharani, kwa sauti. Anawaambia kwamba watoza ushuru na makahaba wanawatangulia kuingia katika Ufalme. Wapendwa, sentensi hiyo inatuhusu moja kwa moja tukiongelea usafi. Watu ambao kila mtu alijua walikosea wapi wanatangulia, kwa sababu waligeuka. Watu wenye alama nyingi kwenye karatasi wanabaki nyuma, kwa sababu walitosheka na karatasi.

Kanda ya Ziwa ilitufundisha nini

Jambo hili si la Injili tu. Hapa kwetu Tanzania limepimwa, na kwa umakini mkubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianza mradi mkoani Mwanza ulioitwa MEMA kwa Vijana. Jamii 20 zilichaguliwa: 10 zikapata mradi, 10 zikabaki za kulinganishia. Wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa juu ya afya ya uzazi, wahudumu wa afya wakaandaliwa kuwapokea vijana vizuri, na vijana zaidi ya 9,000 wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007.

Yalikuwaje? Maarifa ya vijana yalipanda. Misimamo waliyoieleza kwenye maswali ikawa bora. Kwa lugha ya visanduku, walisogea kuelekea "nakubali kabisa." Lakini walipopimwa damu, na mimba zilipohesabiwa, hapakuonekana tofauti ya maana kati ya jamii zilizopata mradi na zile ambazo hazikupata. Shamba la mizabibu lilikuwa vilevile.

Kuna na jingine. Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi uliofanyika kati ya vijana wa mradi huohuo, ukilinganisha njia tano za kujua ukweli wa maisha yao ya mapenzi. Kati ya wasichana ambao vipimo vilionyesha kwamba wameshawahi kujamiiana, ni asilimia 29 tu waliokiri hivyo kila walipoulizwa katika madodoso mawili. Kwa wavulana ilikuwa asilimia 58. Mahojiano marefu, ya kukaa na mtu na kumsikiliza taratibu, ndiyo yaliyoibua ukweli zaidi kwa wasichana.

Tusiwacheke hao mabinti. Tujiulize walikuwa wanaogopa nini.

Na asije mtu akasema hilo ni la vijijini kwetu tu. Kule Marekani, kuanzia mwaka 1993, vijana wengi waliweka ahadi hadharani, wengine kwa kutia saini kadi au kuvaa pete, kwamba watasubiri ndoa. Mwaka 2009 jarida la kitabibu liitwalo Pediatrics lilichapisha utafiti uliowafuatilia waliowahi kuahidi, miaka mitano baadaye. Asilimia 82 walikana kwamba waliwahi kuahidi. Na mwenendo wao ulifanana na wa vijana waliolingana nao kwa mambo mengine lakini hawakuahidi. Pete haikuwa na kosa. Kadi haikuwa na kosa. Ila "ndiyo" ya siku moja ukumbini haiwezi kubeba miaka kumi ya maisha ikiwa peke yake.

Mama anachambua maharage

Kwa nini kijana adanganye karatasi isiyo na jina lake? Nikueleze nilichokiona kazini.

Unafika nyumbani kwa watu. Mhojiwa wako ni binti wa miaka 16. Kanuni inasema muwe wawili tu, faragha. Lakini nyumba ni chumba na sebule, na mama yupo hatua tatu kutoka hapo anachambua maharage kwenye ungo. Unauliza swali lako kwa sauti ya chini. Binti hakuangalii wewe, anaangalia ungo. Mikono ya mama inasimama kidogo. Binti anajibu, "Hapana." Maharage yanaendelea.

Jibu lile si la kwako. Ni la mama. Pengine ni kweli, pengine si kweli, lakini halikuwa jibu la swali lako; lilikuwa jibu la swali la "Utanifanya nini nikisema?" Kwa wavulana mara nyingi ni kinyume. Mvulana akiwa karibu na wenzake anajiongezea. Anaogopa kuitwa mshamba, basi anajisingizia dhambi asizozitenda. Yaani kwa aibu ileile msichana anapunguza na mvulana anazidisha, na mwishowe wote wawili wanabaki bila mtu anayewajua.

Sasa ngoja nikwambie lililonikalia moyoni. Tangazo la dodoso lilipotoka kanisani, binti mmoja wa kwaya alinifuata nje baada ya Misa. Akasubiri wenzake wapite. Akasema, "Dada, shikamoo. Ile karatasi... nikijibu ukweli, nitaendelea kuimba?"

Nilimwambia, "Marahaba, mdogo wangu. Karatasi haina jina, na hakuna atakayeijua ya kwako." Akatikisa kichwa. Akasema, "Lakini mwandiko wangu mnaujua. Mimi ndiye naandikaga nyimbo ubaoni."

Basi nikaamua palepale: dodoso letu halitakuwa na sehemu ya kuandika. Litakuwa la kutia vema tu, wote kwa kalamu za rangi moja, na karatasi zitaingia kwenye sanduku lililofungwa. Lakini swali lake lilikuwa kubwa kuliko kalamu. Alikuwa anauliza kama katika Kanisa kuna mahali ambapo ukweli wake unaweza kusimama bila yeye kufukuzwa.

Mahali hapo papo

Jibu ni ndiyo, wadogo zangu. Papo, na pamekuwepo karne nyingi kabla ya Likert kuchora visanduku vyake.

Watafiti wamejifunza kwa gharama kubwa kwamba mtu husema kweli akiwa na uhakika wa mambo mawili: siri haitatoka, na adhabu haitafuata. Ndiyo maana siku hizi wengine humvalisha kijana visikilizi, akasikia maswali mwenyewe na kubonyeza majibu mwenyewe. Kanisa lina kitubio. Padre amefungwa na siri ya kitubio bila kubakiza chochote. Hawezi kuitoa hata kwa kutishiwa maisha (ukitaka kusoma, ni KKK 1467). Hawezi kumwambia mwalimu wa kwaya. Hawezi kumwambia mama. Hawezi hata kukugusia wewe mwenyewe nje ya pale bila ruhusa yako.

Lakini kuna tofauti moja ambayo mimi kama mdadisi inanigusa sana. Mimi nikishapata jibu lako, kazi yangu imekwisha. Naondoka nalo. Wewe unabaki na maisha yako kama nilivyokukuta. Kristo katika kitubio hachukui jibu akaondoka. Anachukua mzigo, na Yeye anabaki.

Mtazame kwenye kisima cha Yakobo (Yoh 4). Anamwambia yule mwanamke Msamaria akamwite mume wake. Mwanamke anajibu kwamba hana mume. Hilo ni jibu la dodoso: ni kweli, na limefichwa nusu. Yesu hamwambii kwamba ni mwongo. Anaanza kwa kumsifu kwa kile kidogo alichosema kweli, ndipo anamwonyesha kwa upole kwamba anaijua na nusu iliyobaki, waume watano na huyo wa sasa. Na mwanamke hakimbii! Anauacha mtungi, anaenda kuwaambia watu wa mji kuhusu mtu aliyemwambia mambo yake yote. Ajabu eh? Kitu alichokuwa akikificha ndicho anachokitangaza, kwa sababu amekutana na mtu aliyejua yote na bado akaendelea kuzungumza naye.

Kujizuia si sawa na usafi

Sasa tufike kwenye kiini. Madodoso mengi yanapima kujizuia, yaani kutofanya. Kanisa linazungumzia kitu kikubwa zaidi: usafi, na usafi ni fadhila.

Kijana anaweza kujizuia kwa sababu anaogopa mimba. Mwingine anaogopa UKIMWI. Mwingine hajapata nafasi tu, simu yake ndiyo inamaliza usiku wake. Wote hao kwenye karatasi wataandika "sijawahi." Hofu hizo si mbaya, zinaweza kukulinda kwa muda. Lakini hofu ikiondoka, na huondoka siku moja ukiwa chuoni na chumba chako na ufunguo wako, kinabaki nini?

Katekisimu kuanzia namba 2337 inatufundisha kwamba usafi ni mtu kuwa mzima: mwili wake na roho yake kuwa kitu kimoja, asiseme kwa mwili neno ambalo maisha yake hayalisemi. Mwili unaposema "nimekupa vyote" na maisha yanasema "tutaonana wikiendi," kuna uongo hapo. Namba 2342 inatuambia kujitawala ni kazi ndefu, hakuna anayeimaliza mara moja akapumzika. Namba 2343 inasema usafi una hatua za kukua. Na 2345 inatukumbusha kwamba pamoja na juhudi zetu, ni zawadi ya Mungu. Ukiyaweka hayo pamoja utaona kwa nini alama za asubuhi moja haziwezi kutosha. Kitu kinachokua hakipimwi mara moja.

Ndiyo maana napenda sana kile kisanduku cha katikati, "sina uhakika." Watafiti wengine hawakipendi, wanaona kinaharibu hesabu. Mimi naona ndicho kisanduku cha sala. Yule baba mwenye mtoto mgonjwa katika Mk 9 alimwambia Yesu kwamba anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe kutoamini kwake. Yesu hakumrudisha nyumbani akajipange kwanza. Alimponya mtoto. Mtakatifu Agustino anasimulia katika Maungamo yake kwamba ujanani aliomba usafi huku akiogopa Mungu asije akamjibu haraka. Huyo kijana wa "sina uhakika" ndiye leo tunamwita Mwalimu wa Kanisa. Kama hapo ndipo ulipo, tia vema hapo. Mungu anaanza na mahali ulipo kweli.

Neno gumu kwa sisi wakubwa, na kwa kaka zangu

Narudi Mwanza kidogo. Kwa nini misimamo ilibadilika na maisha hayakubadilika? Waliotafakari matokeo yale walielekeza macho nje ya darasa: kwenye jamii nzima, kwenye umaskini, kwenye desturi za wanaume kuwapa wasichana zawadi na fedha. Msichana anasema "nakubali kabisa kusubiri," na anasema kweli. Kisha anarudi nyumbani ambako hakuna sabuni, hakuna pedi, na shule iko mbali. Na njiani kuna mwenye pikipiki anayetoa lifti ya bure ambayo si ya bure.

Takwimu za taifa za afya za mwaka 2015-16 zilionyesha kwamba asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata ujauzito. Za mwaka 2022 zilionyesha asilimia 22. Imeshuka, tumshukuru Mungu. Lakini bado ni zaidi ya msichana mmoja kati ya watano, na mimi sijawahi kuona dodoso lililowakalisha wanaume waliowapa mimba hizo na kuwauliza msimamo wao juu ya kujizuia.

Mtume Yakobo ana maneno makali (Yak 2:15-16) kwa anayemwona ndugu hana nguo wala chakula, akamtakia amani na joto bila kumpa chochote. Ukimwambia binti "tunza usafi wako," na jumuiya yako inachangia harusi mamilioni lakini haijawahi kununua pakiti moja ya pedi, umemtakia joto tu.

Kaka zangu, nisikieni. Usafi si mali ya wasichana ambayo ninyi mnaijaribu kama inavunjika. KKK 2348 inasema kila mbatizwa ameitwa kwenye usafi. Kila mbatizwa! Mtazameni Mtakatifu Karoli Lwanga. Alikuwa kijana mwenye madaraka katika ikulu ya Kabaka Mwanga, na aliyatumia madaraka yale kuwakinga wadogo zake dhidi ya matakwa ya mfalme. Tarehe 3 Juni 1886 alichomwa moto Namugongo. Kati ya wenzake waliouawa alikuwemo Kizito, mvulana wa miaka kama 14. Huyo mtoto hakusimama peke yake. Alikuwa na kaka aliyesimama mbele yake. Swali langu kwako mvulana: wewe ukiingia mahali, wadogo wa kike wanakuwa salama zaidi au wanaanza kujifunika?

Kwa ambaye hakuchagua

Kuna msomaji ambaye tangu mwanzo wa tafakari hii amekuwa akisoma na donge kooni. Dodoso linauliza "umewahi?" Halina kisanduku cha "nililazimishwa." Nakuandikia wewe.

Aliyekulazimisha ndiye aliyetenda dhambi. Wewe hukutenda. Usafi ni fadhila ya moyo, na fadhila haiporwi kwa nguvu. Kanisa linamheshimu Mwenyeheri Anuarite, mtawa wa Kongo aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 akimkataa mwanajeshi aliyetaka kumnajisi. Lakini usije ukasikia kwamba kwa kuwa wewe uko hai basi hukupigana vya kutosha. Mungu anafurahi kwamba uko hai. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, haina malipo. Na kama wa kwanza kumwambia hakukuamini, mwambie wa pili.

Dodoso la jioni

Nimeshaandika maswali ya parokia. Ni machache, na hayaulizi sana "unakubali?" Yanauliza nini kinakusaidia na nini kinakukwamisha, ili kamati ijue ifanye nini, si ili ijue nani ni msafi. Majibu yatatuambia mahali pa kupeleka nguvu zetu. Yatusaidie hivyo, yasitumike kwa jambo jingine.

Lakini nakupa na wewe maswali saba ya peke yako. Hayana alama wala jumla. Jiulize jioni, mbele ya Msalaba au kitandani kabla ya Baba Yetu, kwa sababu ukweli wa wale wana wawili ulijulikana jioni.

1. Leo nimemtazama nani kama kitu? Na nani kama mtoto wa Mungu?
2. Simu yangu ikiwa peke yake na mimi usiku, nani anamwongoza mwenzake?
3. Nikishinikizwa, nina jina moja la mtu ninayeweza kumpigia saa hiyohiyo?
4. Ninayempenda, tukiachana kesho, nitakuwa nimemwacha mzima?
5. Ninajizuia kwa kuogopa nini, na kwa kumpenda nani?
6. Kuna mdogo wangu ambaye angekuwa salama zaidi kama ningesema neno?
7. Nilipoanguka mara ya mwisho, nilikaa siku ngapi kabla ya kurudi kwa Baba?

Hilo la saba ndilo la maana kuliko yote. Mwana wa kwanza hakusifiwa kwa kutokosea. Alisifiwa kwa sababu alijirudi. Na tukumbuke kwamba yupo Mwana wa tatu, anayetusimulia mfano huo: aliyemwambia Baba "ndiyo" na akaenda shambani kweli, hadi Kalvari. Na Mama yake kabla yake alisema "ndiyo" Nazareti akiwa binti mdogo, na akaendelea kuisema hadi chini ya Msalaba. "Ndiyo" zetu ndogo, zenye kuyumba, zinasimama kwa sababu zimefungwa kwenye zao.

Yule binti wa kwaya, kama unasoma hapa: utaimba. Jumapili uje mapema, na ukimwona Padre amekaa kwenye kitubio kabla ya Misa, ujue hana kalamu.

Tusali: Bwana Yesu, wewe unatuchunguza na kutujua, na hukuondoka. Uwape nguvu waliosema "ndiyo" leo asubuhi, waifikishe jioni. Uwarudishe waliokataa. Uwashike mkono wasio na uhakika. Uwaponye walioumizwa, uwaguse waliowaumiza watubu. Utufanye sisi Kanisa lako kuwa nyumba ambayo mtoto anaweza kusema kweli akiwa humo. Kwa maombezi ya Bikira Maria, Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, na Mwenyeheri Anuarite. Amina.

Kristo!
Tumaini letu.